Deni la Ndege Ambaye Hatukumkamata



Kuna swali moja ambalo tumelisikia mara nyingi katika miezi hii, nyuma ya ibada na hata njiani: mtu ambaye hakufanya ubaya, je, anapaswa kutengeneza kile kilichoharibiwa na ubaya wa mwingine? Swali hilo ni la zamani. Lakini safari hii limeletwa mbele yetu na kasuku mmoja, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kama wale wa misitu yetu ya Maniema na Tshopo. Wandugu wengine walicheka waliposikia ya kwamba shemasi ataandika juu ya ndege. Wacheke tu. Tutaandika.

Kasuku huyo alikuwa mali ya muzee mmoja mfanyabiashara aliyefariki. Watoto wake waligawana urithi: nyumba, mabati, cherehani, baiskeli mbili. Kasuku hakutajwa. Alibaki nyuma ya jiko, katika tundu la chuma ambamo hata mabawa hakuweza kuyafungua, akila makombo ya bugali na karanga zenye ukungu. Kifua chake chote kilikuwa uchi, maana alikuwa amejing'oa manyoya mwenyewe. Na usiku alikuwa akikohoa, kikohozi kilekile cha marehemu, halafu akiita jina la mke wa kwanza kwa sauti ya marehemu. Siku moja alianguka chini ya tundu akatetemeka mwili mzima. Basi hukumu ikatolewa: ni roho ya muzee, au ni pepo, achomwe moto. Mama mmoja wa parokia yetu akakimbia kutuita. Tukaenda, tukaomba tupewe, tukapewa bila franka hata moja, na watu wa nyumba ile wakafurahi kuona tundu linatoka.

Tuanze na hilo la pepo, maana ndilo linalogusa kanisa kama letu, ambalo linaamini ya kwamba roho zipo na ya kwamba Mungu anasema na watu. Imani hiyo hatuiachi. Lakini kasuku huchukua sauti anazozisikia kila siku, kikohozi, mlango, mbwa, mwenye nyumba, na kuzitoa tena, hata kama mwenye sauti amekwisha zikwa. Muzee alikohoa miaka mingi mbele ya ndege wake. Ingekuwa ajabu kama ndege asingekohoa. Na kule kutetemeka nako kuna sababu. Kasuku wa kijivu, kuliko kasuku wengine, ni mwepesi wa kupungukiwa na kalsiamu katika damu, hasa yule anayekula mbegu na makombo tu na kukaa gizani, maana bila jua mwili wake hauwezi kutumia kalsiamu inavyopasa. Ikipunguka sana, anaanguka na kutetemeka. Hiyo ni njaa ya mwili, si pepo.

Tunalikazia neno hili kwa sababu si la ndege tu. Katika miji yetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani wakiitwa wachawi, kwa sababu walikojoa kitandani, au walianguka kifafa, au walitaja katika ndoto jina la mtu aliyekufa. Mwenye kuharakisha kumchoma kasuku anauzoeza mkono wake. Na wale wanaopenda Maandiko wakumbuke habari ya Balaamu katika Hesabu 22: punda alisema, na nabii ndiye aliyekuwa na kosa, fimbo mkononi.

Basi, deni. Mtu mmoja alituambia: ninyi hamkumkamata, hamkumfunga, hamkumnyima chakula, mnalipa nini? Kuna kweli ndani ya maneno yake. Aliyemtega kwa ulimbo juu ya mti, huku amefunga kasuku mwingine pale awe chambo cha kuwaita wenzake, huyo anadaiwa. Aliyemnunua anadaiwa. Warithi wanadaiwa. Lakini tazameni Kumbukumbu la Torati 22: mwenye kukuta ng'ombe wa ndugu yake amepotea hana ruhusa ya kujificha, amchukue kwake, amtunze mpaka mwenyewe atakapomtafuta. Sheria ile haiulizi nani aliacha zizi wazi. Sisi tunafahamu hivi: kuna deni la aliyetenda, na kuna deni la aliyeona. La pili halifuti la kwanza, wala la pili haliwezi kungoja mpaka la kwanza lilipwe. Kama ndege huyu angengoja mtegaji wake atubu, angekufa juma lile lile.

Mwingine akauliza: watoto wana njaa, ninyi mnalisha ndege? Hili ni zito zaidi. Katika nyumba ambamo mtoto analala bila kula, chakula ni cha mtoto. Hapo hakuna mabishano. Lakini kasuku wa kijivu hafiki uzito wa nusu kilo mara nyingi. Anakula kipande cha papai, majani machache ya lengalenga, mahindi mabichi, ngazi tatu nne, pilipili (ndege hawausikii ukali wake), na ganda la yai lililochemshwa na kusagwa. Hakuna mtoto aliyekosa sahani juu ya hayo. Kinachotumika kweli ni saa. Na tumeona pia, tusifiche, ya kwamba wale wanaosema "watu kwanza" kwa sauti kubwa, siku ya kupeleka chakula kwa wafungwa hatuwakuti.

Tueleze kazi yenyewe, maana hapo tumefundishwa mengi. Kwanza tulimtoa katika moshi. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi wa makala. Asubuhi tundu linawekwa penye jua, upande mmoja ukiwa kivulini kusudi achague mwenyewe. Chakula hatukukibadilisha kwa siku moja. Kasuku aliyezoea bugali anaweza kulala njaa mbele ya papai, asijue ya kuwa ni chakula. Basi tulilila sisi wenyewe mbele yake, kila asubuhi. Siku ya tisa akaonja. Avoka hatumpi kamwe, maana kwake ni sumu, na karanga zenye ukungu zilitupwa siku ya kwanza. Watoto wanaosafisha tundu wananawa mikono kwa sabuni na hawatimui vumbi la mavi yake, kwa sababu kuna ugonjwa wa mapafu ambao ndege wa jamii hii wanaweza kumwambukiza mtu.

Fundi wa vyuma wa mtaa alituunganishia matundu mawili yakawa moja. Ndani tuliweka matawi ya mpera, manene na membamba, ayatafune. Kupasua ndiyo kazi yake msituni. Akikosa cha kupasua, anajipasua mwenyewe.

Kumkaribia, hilo lilikuwa gumu. Mkono ukiingia tu, alinguruma na kujigonga kwenye vyuma. Ndege anayewindwa anaogopa macho mawili yanayomkazia usoni, kama ya mwewe. Kwa hiyo tukawa tunakaa karibu naye tukimgeuzia ubavu, tukisoma au kuchambua maharagwe, bila kumwomba kitu. Majuma sita yalipita hivyo. Jioni moja akashuka mwenyewe mpaka tawi la chini, akachukua ngazi katika vidole vya mama watoto. Hakuna aliyepiga makofi. Makofi yangemrudisha juu.

Wengine husema ndege hana akili, ni mdomo tu. Huko Marekani mwalimu mmoja mwanamke, Irene Pepperberg, alifanya kazi na kasuku wa kijivu aitwaye Alex tangu mwaka 1977 mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex aliweza kutaja rangi na umbo la kitu alichoonyeshwa, na kuhesabu mpaka sita. Basi si mdomo tu. Na kama si mdomo tu, miezi ile nyuma ya jiko ilikuwa mirefu kuliko tunavyopenda kufikiri. Msituni kasuku hawa wanaruka kwa makundi na kulala kwa mamia mahali pamoja, wakiitana. Huyu hakuwa na wa kumwita ila marehemu.

Sasa manyoya ya mgongo yamerudi. Mkia umekuwa mwekundu tena. Lakini kifua, upande wa kuume, kimebaki uchi, maana manyoya yaking'olewa mara nyingi, shimo lake katika ngozi linaharibika na halioti tena. Mfupa wa bawa moja ulivunjika zamani ukaunga vibaya, hataruka. Tunawaambia haya wale wanaodhani ya kwamba kutengeneza ni kurudisha kama mwanzo. Tumewaona waamini wakikata tamaa juu ya ndugu aliyetoka katika ulevi kwa sababu bado ana hasira, au juu ya msichana aliyerudi kutoka porini kwa wenye silaha kwa sababu hacheki. Wanauliza, maombi yamefanya nini? Yeye anakula, analala, anakaa kati ya watu. Sehemu nyingine haitaota.

Kuna jambo ambalo tunaomba lisikiwe vizuri, kwa sababu huruma nayo inaweza kuharibu. Tangu habari hii ienee, mama wawili wametuuliza wapi wanunue kasuku wanaoteswa sokoni, kusudi wawaokoe. Wasinunue. Franka za huruma na franka za starehe zinaingia katika mfuko mmoja, na mtegaji hajui tofauti. Anajua tu ya kwamba tundu limetoka tupu, na kesho anarudi msituni. Kwa kila kasuku anayefika sokoni akiwa hai, wengine wamekufa njiani. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, na miti imekuwa kimya mahali ambapo wazee wetu walishindwa kulala kwa kelele zao. Kupokea aliyetupwa ni jambo moja. Kununua ni jambo jingine, hata kama machozi ni yale yale. Na mwenye kupokea apeleke habari kwa wakubwa wa mazingira, kama tulivyofanya, asije akahesabiwa kati ya wachuuzi.

Wale wanaoweza kuruka, wasifungwe kwetu, wala wasifunguliwe tu dirishani kama njiwa wa Nuhu. Kasuku asiyejua msitu na asiye na kundi atakufa kabla ya juma kwisha. Kule Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani mayatima kimepokea pia kasuku waliookolewa mikononi mwa wachuuzi. Huko wanakaa pamoja na wenzao. Hata asiyeruka angefurahi kusikia sauti za ndugu zake, na neno hilo bado tunalizungumza nyumbani. Mama watoto yuko upande mmoja, sisi hatujui bado.

Kwa maana kasuku wa kijivu akitunzwa anaweza kuishi miaka arobaini, hata sitini, na huyu hatujui ana mingapi. Sisi tumekwisha pita arobaini. Akibaki kwetu, inawezekana kabisa atatuzika, na kikohozi chetu atakibeba pamoja na kile cha muzee. Kwa hiyo tuliwaita watoto tukawauliza mapema, mbele ya mashahidi wawili wa parokia, nani atampokea siku hiyo. Binti yetu wa pili alikubali. Jina lake limeandikwa katika daftari la nyumba, chini ya habari za shamba.