Fundo la Dereva na Amri ya Tano

Mtu anunuapo lori lake la kwanza hapa Karatu, mara nyingi humwomba Padre alibariki kabla halijapakia hata gunia moja. Ni desturi njema, wala hatuilaumu. Maji ya baraka hunyunyizwa, rozari hutundikwa mbele ya kioo, na wengine hubandika picha ya Mtakatifu Kristofa, ambaye jina lake maana yake ni mbeba Kristo. Mapokeo husimulia kuwa alikuwa mtu wa kimo kikubwa aliyevusha wasafiri mtoni, na kwamba siku moja alimbeba mtoto mdogo ambaye uzito wake ulizidi kwa kila hatua. Hapana shaka alimshika barabara, hakumwacha akae ovyo begani.

Twataka kusema leo na madereva walio na gari lao wenyewe, hasa wenye malori ya bodi ya wazi yasiyo na kuta za kuzuia kitu. Dereva wa kampuni ana msimamizi wa kumkagua kabla hajatoka. Huyu mwenye gari lake ndiye tajiri, ndiye karani, na utingo wake pengine ni mdogo wake wa tumbo moja. Kuendesha alifundishwa, akatahiniwa, akapewa leseni. Lakini kufunga mzigo, ni nani aliyemfundisha? Kijana mmoja alituambia bila kuficha kuwa alijifunza kufunga nondo kwa kuziangusha. Kwa huruma ya Mungu, nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tusidhani kuwa uzito peke yake hutosha kukiweka kitu mahali pake. Breki zikikanyagwa kwa nguvu, gari husimama, bali mzigo hutaka kuendelea na safari. Kanuni zinazofuatwa Ulaya hutaka vifungo viweze kuzuia mbele nguvu iliyo sawa na sehemu nane katika kumi za uzito wa mzigo, na sehemu tano katika kumi kwa kila ubavu na kwa nyuma. Basi tani 10 za chuma zilizo nyuma ya kabini husukuma mbele kana kwamba ni tani 8 zinazoanguka. Ndiyo maana fundi mzuri hupanga mzigo ukaegemea ukuta wa mbele pasipo nafasi, huweka vipande vya mpira chini ya chuma ili kisiteleze, na hukinga mkanda kwa kipande cha tairi kuukuu mahali unapopita juu ya ncha kali. Mkanda uliopigwa fundo katikati umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na uliochanika ukingoni ni wa kutupwa. Tena turubai si kifungo. Kazi yake ni kuzuia mvua na vumbi, lakini wangapi wameitegemea ishike magunia!

Na mzigo uliofungwa vema asubuhi si lazima uwe umefungwa vema mchana. Mtikisiko huushindilia, nao mkanda hulegea bila mtu kuugusa. Huko Marekani sheria humtaka dereva asimame akague vifungo kabla hajapita maili 50 za kwanza, yaani kilometa 80 hivi. Aliyepakia saruji na mabati Arusha kuja kwetu hutimiza umbali huo karibu na Makuyuni, mahali pa kuiacha njia ya Dodoma. Hapafai kupitwa. Mbele yake kuna Mto wa Mbu, kisha ukuta wa Bonde la Ufa wenye kona juu ya Ziwa Manyara, na katika mpando ule mzigo wote huvuta nyuma. Arudipo na vitunguu vya Mang'ola, katika mtelemko ule ule, wote humlalia yeye mgongoni. Na apandaye kutoka lango la Lodoare kwenda ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro hukutana na ukungu, asione aliye mbele yake ila amekwisha kumkaribia.

(Kwa kuwa tumetaja vitunguu: gunia la lumbesa, lililoongezwa kichwa kwa wavu, limekatazwa na sheria ya vipimo kwa sababu humwibia mkulima. Lakini pia ni la mviringo, halikai juu ya mwenziwe, hubiringika. Amri ya Saba ikivunjwa shambani, Amri ya Tano huvunjwa barabarani.)

Wenyeji wa Rhotia hawahitaji kuelezwa thamani ya uhai katika miteremko yetu. Tarehe 6 Mei 2017, katika mvua, basi la wanafunzi waliotoka Arusha lilitumbukia katika bonde la mto Mlera, wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Basi lile halikuwa lori, wala hatusemi kuwa mzigo ndio ulioleta msiba. Twautaja kwa sababu watoto wangali wanapita njia ile kila siku, kwa basi na kwa miguu, nyuma ya malori na mbele yake. Nondo ikichomoka haichagui.

Wako watakaotujibu: Mungu ndiye mlinzi. Ni kweli. Lakini Bwana wetu, alipopandishwa juu ya mnara wa hekalu na kuambiwa ajitupe kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa, akasema haifai kumjaribu Mungu. Atundikaye rozari kiooni na kuacha mkanda uliooza nyuma anafanya lile ambalo Bwana alikataa kulifanya. Na anayejua kuwa kifungo ni kibovu, akaondoka kwa kuwa marejesho ya mkopo yanamngoja, asiite ajali hiyo bahati mbaya aendapo kuungama. Mizani ya barabarani hupima uzito, haipimi dhamiri ya aliyefunga.

Walakini haitakuwa haki tukimtwisha dereva peke yake. Yesu aliwakemea waliofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, wao wenyewe wasitake kuigusa hata kwa kidole. Yuko mfanyabiashara apigaye simu kila nusu saa kuuliza gari liko wapi. Tuko na sisi. Twaijua kamati moja ya ujenzi wa kanisa iliyobishana na dereva juu ya nauli ya saruji na nondo hata akakubali bei ambayo haikumwachia fedha ya kununua mikanda mipya. Kamati ilishangilia kuwa imeokoa sadaka za waamini. Mzigo ulifika salama, na Jumapili tukamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, bila mtu kwenda kutazama ulikuwa umefungwa kwa nini. Ulifungwa kwa kamba ya katani iliyoungwa mara tatu.

Twaziomba basi kamati zote za ujenzi, katika Karatu na hata Loliondo, zinapoandika makadirio ya safari ijayo, ziweke mstari mmoja wa mikanda na minyororo baada ya mstari wa dizeli. Na mjumbe mmoja aende penye kupakia, azunguke lori pamoja na dereva, avute kila kifungo kwa mkono wake mwenyewe kabla halijawashwa.