Kumtendea Haki Marehemu

Wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika chache kabla ya jeneza kushushwa. Ule wa mzee mmoja wa kwetu Muleba, uliosomwa kibanjani kwake, zaidi ya nusu ulikuwa Vita vya Kagera: alivyochukuliwa na wanamgambo wenzake mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kulipua daraja la Kyaka, alivyoingia Uganda kwa miguu, alivyorudi mzima baada ya Kampala kutwaliwa Aprili 1979. Ndoa, watoto na wajukuu, miaka zaidi ya arobaini, vilipewa sentensi mbili.

Sipunguzi uzito wa vita hivyo. Waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, hawakupata nafasi ya kulea, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa lina wajibu wa kuwakumbuka. Ninachohoji ni kipimo. Mtu akiishi miaka sabini, kwa nini miezi isiyofika kumi ndiyo ituambie alikuwa nani?

Wengi watajibu kwamba hatari humfunua mtu. Kweli, lakini humfunua akiwa na amri nyuma yake na wenzake ubavuni. Mzee huyu aliamka alfajiri miaka nenda miaka rudi kumchotea maji mkewe, ambaye mgongo ulimsumbua tangu uzazi wa tatu. Hakuna aliyemwamuru. Siku yoyote angeweza kuacha na asiitwe msaliti. Kwangu mimi, utashi wa mtu huonekana zaidi hapo, anapochagua jambo lilelile tena na tena bila shahidi.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika marehemu huendelea kuwa miongoni mwetu maadamu wapo waliomfahamu na wanaomtaja kwa jina. Akifa wa mwisho wao, naye huzama katika zamani. Kama ndivyo, basi sisi tuliomfahamu tumeachiwa amana, na amana huweza kuhujumiwa hata kwa sifa.

Nililiona hilo palepale msibani. Kila Jumapili jioni mzee alikuwa akipanga viatu vya shule vya wajukuu barazani, anavipiga kiwi, anavikagua kimoja kimoja, ncha zote zikitazama mlangoni. Tuliokaa kwenye turubai tukaafikiana kwamba huo ni uaskari uliomganda. Bibi, mjane wake, akatusikia.

"Wanangu, hayo alifunzwa na mama yake. Alipokuja kunichumbia viatu vyake vilikuwa hivyohivyo, na vita havijakuwepo."

Tulikuwa tumempokonya mama mzazi kazi yake na kulikabidhi jeshi. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, nalo ndilo linalonitia hofu: heshima yetu ilikuwa inamfuta mtu tuliyekuja kumlilia.

Wasifu ule aliuandika kijana msomi wa ukoo, usiku mmoja, kwa kufuata vyeti. Bibi hakuulizwa. Ingekuwa hiari yangu, yeye ndiye angesimulia kwanza, na vita vingeingia kwa mlango wake: miezi aliyolima peke yake, mtoto mgongoni, bila kujua kama bado ana mume.