Hodi katika Chumba Kitupu

Katika desturi za Waswahili neno dogo la hodi lina kazi kubwa kuliko umbo lake. Mtu alitamkapo mlangoni hukiri kwamba upande wa pili yuko mwingine mwenye amri ya kumkaribisha au kumwacha nje. Hata mwenye nyumba aliyeijenga kwa jasho lake hupiga hodi kwa mpangaji wake, na asipopiga huitwa mtovu wa adabu. Jambo hili halina utata maadamu mpangaji yumo ndani. Utata huanza siku aondokapo kabla ya muda wake kwisha: kitanda kimepakiwa mkokotenini, jiko limekwenda, kufuli moja limebaki mlangoni, na miezi ya kodi ingaliko mbele. Hodi hiyo apigiwe nani?

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam yalionyesha swali hili vizuri. Ujia hupita katikati, vyumba hupangwa huku na huku, na nyuma kuna uwani penye jiko na choo. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hukaa katika chumba kimojawapo. Mtu huyu hawezi kuambiwa asiingie nyumbani, kwa kuwa yumo tayari. Mpaka wake na mpangaji ni mlango wa chumba tu, ubao mmoja na kufuli lake. Tena kodi, kwa desturi iliyoenea mjini humo, hutozwa mbele, ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia Dodoma, kuanzia mwaka 2016, watumishi wengi waliagana na Dar es Salaam. Chukua mmoja aliyelipa mwaka mzima na kupata barua ya uhamisho mwezi wa tano: huacha nyuma yake miezi saba iliyolipwa na chumba kisicholalwa na mtu.

Mwenye nyumba husema: ameondoka kwa hiari yake, chumba ni changu, nakifungua. Maneno haya yana sura ya haki, lakini hayajauliza mpangaji alinunua nini. Hakununua kuta, wala hakununua ruhusa ya kulaza mwili wake tu. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wasemapo juu ya ijara, huihesabu kuwa ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana. Anunuaye pishi ya mchele halazimiki kuupika, na muuzaji hawezi kuuchukua tena kwa kuwa ameuona umekaa siku nyingi kapuni. Mpangaji aendaye hija, au alazwaye hospitali mwezi mzima, chumba chake hakiguswi. Kati yake na yule aliyehama hitilafu kubwa ni nia, na nia haionekani kwa kuchungulia katika tundu la ufunguo.

Yuko atakayeshika Sura ya An-Nur. Aya yake ya 27 yakataza kuingia nyumba za wengine pasipo kuomba ruhusa na kutoa salamu, na aya ya 29 yaondoa lawama kwa aingiaye nyumba zisizokaliwa ambamo ana manufaa yake. Lakini wafasiri wengi walitoa mifano ya nyumba za wasafiri, ambazo zipo kwa ajili ya kila apitaye. Chumba cha mtaani si cha kila apitaye, na manufaa ya ile miezi saba yameuzwa.

Sheria ya nchi haikwenda mbali na fikira hiyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 huhesabu kwamba kila mkataba wa kupangisha una ahadi mbili hata zisipoandikwa: mpangaji aachwe akae kwa amani, naye amruhusu mwenye nyumba aingie saa zifaazo, baada ya taarifa, aikague hali ya jengo. Kukagua si kukalia. Bomba likipasuka na maji yakapita chini ya mlango, mwenye nyumba aite majirani wawili na kuvunja kufuli. Hapana mwenye akili atakayemlaumu. Aingiapo na ndoo ya rangi na dalali nyuma yake, hilo ni jambo jingine.

Sheria ya Kiingereza, ambayo Tanganyika na Kenya ziliirithi kwa sehemu kubwa tangu ukoloni, ina kanuni ya kufaa hapa. Mpangaji hawezi kuuvunja mkataba kwa kuondoka peke yake. Lazima mwenye nyumba akubali. Lakini kukubali huweza kuwa kwa kitendo: akikitwaa chumba na kukipangisha kwa mwingine kama chake, mkataba wa kwanza umekufa, na kodi ya siku za mbele imekufa pamoja nao. Basi ana hiari. Aushike mkataba, na mlango ubaki wa yule aliyekwenda. Au autwae mlango na kuuacha mkataba. Kilichozoeleka mitaani ni kushika vyote viwili na kula kodi mbili juu ya sakafu moja. Ni kweli kwamba juu ya fedha zilizokwisha lipwa mbele sheria hiyo si nyepesi kuamuru zirudishwe. Hapo adili humdai mtu kile ambacho hakimu huenda asimdai.

Haifai kumfanya mwenye nyumba kuwa jitu la dhuluma. Pengine ni mjane, na kodi ile imekwisha geuka mabati na ada ya shule. Chumba kilichofungwa hukaribisha panya na mchwa. Basi akikipangisha upya akate gharama za rangi, ujira wa dalali, na kodi ya siku kilizokaa kitupu. Kinachosalia ni cha aliyehama, hata kama kitalipwa kidogo kidogo. Naye mpangaji aliyetoroka na deni, akaacha godoro kuukuu na kufuli ili kumzuia mwenzake asipate riziki, hastahili kuhurumiwa hivyo. Hata huyo, deni lake lampa mwenye nyumba haki ya kudai. Vyeti na picha vilivyosahauliwa dirishani havikuwa sehemu ya deni.

Zamani aliyehama aliweza kupotea kama aliyezama baharini. Siku hizi aliyeko Dodoma hupigiwa simu, na mlio wake ni hodi iliyo sahihi kama ya mlangoni. Aulizwe: chumba umekiacha? Akisema amekiacha, wahesabiane. Akisema atarudi Jumatatu, kingojwe hadi Jumatatu.