Kerisi ya Java na Maadili ya Kusoma Kilicho cha Wengine

Je, kumiliki kitu ni kukielewa? Swali hili tunalichunguza kwa kurejelea kerisi, jambia la Wajava, mikononi mwa mkusanyaji wa kigeni.

Tuanze na fani. Bapa la kerisi hufuliwa kwa matabaka ya chuma ambayo huzaa michoro iitwayo pamori. Mawimbi yake, yakiwapo, huwa witiri. Hayo mkusanyaji aweza kuyahesabu. Lakini pamori hudhihirishwa kwa ndimu na arseniki, kazi ifanywayo aghalabu katika mwezi wa Suro. Aliyezoea panga zing'aazo huisugua kerisi hadi imetemete, akidhani anaisafisha, kumbe anaifuta matini.

Ama maudhui yake, hayamo chumani pekee. Kerisi hurithiwa, na iliyo tukufu hupewa jina. Mwaka 2020 Uholanzi ilimrejeshea Indonesia kerisi ya Mwanamfalme Diponegoro, aliyekamatwa mwaka 1830. Chuma kilikuwa kimehifadhiwa. Kilichopotea kwa vizazi kadhaa ni utambulisho wake. Hata ilipotangazwa kuwa ni Kyai Naga Siluman, baadhi ya wajuzi wa Indonesia walitia shaka.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, hatudai kwamba mgeni asisome, kwani wenyeji nao huhitilafiana. Tunadai kwamba aulize kabla ya kusugua. Mhakiki aung'oaye wimbo kutoka jandoni na kuuchapisha kama shairi tupu ana deni lilo hilo.