Huruma ya Haraka

Farasi akivunjika mfupa wengi husema, "Apigwe risasi, asiteseke." Kwa mguu mara nyingi ni kweli, maana mguu hubeba uzito. Taya halibebi mwili, tena hupata damu nyingi. Kwa kawaida hupona vizuri. Farasi huuma ndoo au ubao wa zizi, hushtuka, hujivuta nyuma, na mfupa wenye meno ya mbele huvunjika. Daktari wa mifugo humtuliza kwa dawa, humtia ganzi, husafisha kidonda, kisha hufunga meno kwa waya, mara nyingi mnyama akiwa amesimama. Baada ya majuma 6 hadi 8 waya huondolewa.

Basi aliyeagiza risasi bila kuuliza ni mfupa gani, alimhurumia nani? Nimefundisha miaka mingi. Najua utamu wa jibu la haraka. Na kama aliogopa gharama, aseme gharama.