Sababu Si Udhuru

Watu wengi hudhani kwamba uovu ukiisha kujulikana asili yake, huwa mwepesi. Dhana hii yataka kupimwa, na kipimo chake chapatikana hata katika mchezo wa sinema.

Mwaka 1978 ilitolewa huko Marekani sinema iitwayo Halloween, ya John Carpenter. Ndani yake mtoto wa miaka sita, Michael Myers, amuua dada yake kwa kisu, wala mtazamaji haambiwi kwa nini. Tabibu wake amhukumu kuwa ni shari tupu. Mwaka 2007 Rob Zombie aliitengeneza upya, akairudisha khabari nyuma mpaka utotoni. Humo Michael ana miaka kumi: mwanamume akaaye na mama yake humtukana, wenziwe wa skuli humdhihaki, naye hutesa na kuua wanyama. Kisha aua watu, tena kwa ukatili usiostahili kuelezwa.

Sinema ya kwanza yakosea kumfanya mtoto kuwa amezaliwa na shari. Kwani Uislamu wafundisha kuwa kila mzaliwa huja duniani juu ya fitra iliyo safi, na malezi ndiyo yampotoayo. Hapo ya pili imekaribia haki zaidi. Lakini yaweza kumtia mtazamaji katika kosa jingine, nalo ni kumhurumia muuaji hata akawasahau waliouawa.

Na jawabu imo humo humo katika khabari. Dada yake mkubwa, Judith, alikaa nyumba ile ile, wala hakushika kisu. Yeye ndiye aliyeuawa. Na usiku ule ule Michael alimwacha salama ndugu yake mchanga, kwa kuwa alimpenda. Basi awezaye kuchagua nani wa kumwacha si jiwe lililosukumwa likaporomoka.

Hapa yadhihiri hekima ya sharia. Mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi, wala hapana kisasi juu yake. Lakini dia ya aliyeuawa haianguki, kwani haki ya maiti haifutwi na udogo wa muuaji. Akiisha kubaleghe, na akili anayo, huulizwa kwa kila alitendalo. Na aliyeondokewa na akili, udhuru wake ni ule wazimu, si matusi aliyotukanwa. Sababu hueleza; haisamehe.

Basi faida ya kujua sababu ni ipi? Ni kwa mtoto ambaye hajaua bado. Katika sinema ile mkuu wa skuli alimwita mama akamwonyesha paka aliyekufa, aliyeonekana katika mkoba wa Michael, na tabibu akamwonya. Onyo lilikuja, lakini kabla jua halijachwa damu ilikwisha kumwagika.

Basi baba amtukanaye mtoto mbele ya watu, mwalimu ampigaye kwa hasira si kwa adabu, na jirani amwonaye mtoto akimtesa paka naye akacheka: hao ndio wa kuulizwa leo, maana wamepewa amana, na mtoto angali mikononi mwao. Kesho akibaleghe akashika kisu, dhambi ya kisu itakuwa yake, na dhambi ya malezi itabaki kuwa yao. Moja haiondoi nyingine.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.