Mtoto asiyejua kwamba haoni

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu nilifundisha katika madrasa moja pale Makambako. Alikuwepo mtoto wa kiume wa miaka sita, mchangamfu, ambaye katika kuhifadhi kwa kusikiliza aliwashinda wenzake. Lakini ukimpa Juzuu Amma asome mwenyewe, anaruka mstari, anainamisha kichwa upande, anasogeza kitabu mpaka puani. Nikamwita mzembe. Mara mbili nilimchapa.

Siku moja wenzake, kwa utani, walimziba jicho la kulia. Akalia na kulalamika kuwa wamemletea ukungu. Wakacheka, maana ukungu kwetu huku nyanda za juu si habari ngeni. Mimi sikucheka.

Mama yake alimpeleka Mbeya kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa na kasoro kubwa tangu mwanzo, na hilo la kulia nalo lilihitaji miwani. Ubongo unapoletewa picha mbili, moja yenye ukungu, hujizoeza kuipuuza ile mbaya, na jicho lile likabaki halitumiki. Watu huliita jicho vivu, na jina hilo lenyewe ni la kuonea. Ibn al-Haytham alikwishaandika katika Kitab al-Manazir, karibu miaka 1,000 iliyopita, kwamba kazi ya kuona haiishii jichoni. Tiba ni miwani, na mara nyingi kuliziba lile jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lifanye kazi. Hufaa zaidi katika miaka ya mwanzo, kabla ya kama miaka saba. Baada ya hapo kazi huwa ngumu.

Sasa ndugu msomaji, je, mimi nina dhambi? Walimu wenzangu walinituliza kuwa sikujua, na aliyekosea bila kukusudia amesamehewa. Sawa. Lakini mafakihi wetu hutenganisha dhambi na dhamana. Ukivunja chungu cha jirani kwa bahati mbaya huna dhambi, ila chungu utakilipa. Mimi nalipa nini? Miezi niliyomwita mzembe ilikuwa ni miezi ya tiba.

Tena huko kutojua kwangu kulikuwa na mlango wazi ambao niliupita kila siku. Dalili zilikuwa mbele yangu, nami nikazisoma kama tabia. Mtoto mwenyewe hawezi kushitaki. Hajawahi kuona vingine, hivyo anadhani watu wote wanaona kama yeye. Ushahidi wake umo mwilini, na anayeweza kuusoma ni mtu mzima. Kwa hiyo sioni kama "hakuniambia" ni udhuru.

Tukumbuke Surat Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum (RA) alikuwa kipofu. Lile kunja la uso hakuliona. Pamoja na hayo wahyi ulishuka kwa ajili yake, na Mtume wetu (SAW) akazidi kumkirimu. Basi kutoliona kwake hakukulifanya jambo kuwa dogo. Nami mtoto wangu hakujua anachonyimwa.

Siku hizi naishi Njombe. Watoto wapya wakija madrasa, kabla ya alifu, nawaambia wazibe jicho moja, kisha la pili, na kunitajia picha ninazochora ubaoni. Anayegoma kuzibwa jicho moja tu, au anayefinya macho, au mwenye kengeza, namwita mzazi. Mboni ikionekana nyeupe, hata katika picha ya simu, namwambia asingoje, maana huenda ni saratani ya jicho. Mzazi mmoja aliniuliza kama hilo nalo ni somo la dini. Mwingine alisema miwani itamharibu mtoto macho, na kwamba ni ya wazee. Huyo nilimfuata nyumbani mara tatu.

Yule wa Makambako yuko sekondari. Anasoma vizuri kwa miwani, ingawa jicho la kushoto halikurudi sawasawa. Mwaka jana nilipanda basi kwenda kumwomba radhi. Alicheka, akasema fimbo haikumbuki. Kisha akaniuliza kama kweli watu wengine huona kwa macho yote mawili kwa pamoja, na inakuwaje.